Kabla ya Kununua Kipuri cha Kompyuta ya Mezani, Fungua Keisi

Wewe unayetaka kuiboresha kompyuta yako ya mezani kwa mara ya kwanza, ukiwa na fedha za wastani zisizotosha kununua kila kitu upya, ningependa uanze kwa kufungua keisi kabla hujatazama bei yoyote. Kompyuta uliyo nayo ndiyo itakayoamua unachoweza kununua, kwa kuwa soketi (tundu la prosesa) ya ubao mama, yaani bodi kuu inayounganisha vipuri vyote, huchagua prosesa, ubao mama huohuo huchagua aina ya RAM (kumbukumbu ya muda), na pawa saplai, kisanduku kinachogawa umeme, huiwekea mpaka kadi ya grafiki. Anayeanza na kadi aliyosikia ikisifiwa hujikuta akinunua vitu vitatu ili kimoja kifanye kazi.

Hatua inayofuata ni kupima. Fanya kazi zako za kila siku, kisha, kama unatumia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja utazame ni kifaa gani kinacholemewa wakati kompyuta inapokuwa nzito. Diski ikikaa kwenye asilimia 100 huku prosesa imetulia, umempata mhusika. Katika michezo, kadi ya grafiki inayofanya kazi kwa asilimia 97 au zaidi ndiyo inayoweka kikomo, lakini ikiwa inacheza kwenye asilimia 60 na picha bado zinakwama, mara nyingi prosesa ndiyo inayoichelewesha. Hapo wageni wengi hudanganyika, kwa sababu programu inayotegemea uzi mmoja tu (njia moja ya kufanyia kazi) wa prosesa yenye nyuzi 12 huonyesha matumizi ya takriban asilimia 8, ilhali uzi huo umefika mwisho wa nguvu zake. Tazama chati ya kila uzi, usiridhike na wastani.

Kama bado unatumia diski kuu inayozunguka, mjadala umekwisha: badilisha hiyo kwanza. SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) ya SATA, muunganisho wa zamani, husoma kwa takriban megabaiti 550 kwa sekunde, na ya NVMe, muunganisho wa kasi zaidi unaopitia njia ya PCIe 3.0, hufika karibu 3,500, ila tofauti utakayoihisi hasa ni ile ya kuachana na kichwa cha diski kinachohamahama kutafuta mafaili madogo yaliyotawanyika. Kutoka SATA kwenda NVMe, kwa mtu anayeandika, kuvinjari na kucheza michezo, faida ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai. Angalia pia kwamba M.2, nafasi ndogo ya SSD kwenye ubao mama, ni jina la umbo tu. Baadhi ya nafasi hizo hupokea SATA peke yake na nyingine NVMe peke yake, na kwenye baadhi ya bao mama kuijaza nafasi moja huzima milango fulani ya SATA. Mwongozo wa ubao mama hueleza jambo hilo waziwazi.

Kuhusu RAM, gigabaiti 16 katika vipande viwili ni kiwango ninachokipendekeza kwa matumizi ya kawaida, na 32 kwa anayehariri video. Vipande viwili huiwezesha prosesa kusoma kwa njia mbili sambamba, na kwenye bao nyingi zenye nafasi nne huwekwa katika ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. DDR4 na DDR5, vizazi viwili vya RAM, hazibadilishani, na mkato wake umewekwa mahali tofauti ili usilazimishe. Nakiri kwamba RAM yangu ya DDR4 ya 3200 ilifanya kazi kwa 2133 kwa zaidi ya mwaka mzima, kwa sababu sikujua kwamba kasi iliyoandikwa kwenye boksi haiji mpaka uwashe XMP (mpangilio wa kasi uliohifadhiwa kwenye RAM), au EXPO kwenye bao za AMD za DDR5, ndani ya BIOS, programu ya msingi ya ubao mama.

Prosesa ndiyo inayohitaji subira zaidi. Soketi ya AM4 imebeba Ryzen, prosesa za AMD, tangu 2017, na bao nyingi za zamani hupokea Ryzen 5 5600 baada ya kusasisha BIOS, jambo linaloifanya kuwa njia nafuu sana kwa mwenye ubao wa namna hiyo. AM5 ya 2022, kwa upande wake, inataka DDR5 tu. Jina la soketi peke yake halitoshi: prosesa za Intel za kizazi cha 8 hutumia LGA 1151 kama zilizotangulia, lakini hazikubaliki rasmi kwenye bao za mfululizo wa 100 na 200. Mimi nilifunga prosesa mpya kabla ya kusasisha BIOS, nikapata kioo cheusi, na kabla ya hapo, nilipokuwa naing'oa ile ya zamani, ilitoka pamoja na kipoza joto kwa sababu pasta ya kupitisha joto kati yao ilikuwa imekauka, pini tatu zikapinda. Tangu hapo huiwasha kompyuta kwa dakika kadhaa ili pasta ilainike, nikaizima na kuchomoa umeme, ndipo nikakizungusha kipoza taratibu kabla ya kukiinua.

Usisahau kwamba Windows 10 ilikoma kupokea msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba Windows 11 inataka TPM 2.0 (kipengele cha usalama cha kompyuta) pamoja na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa sehemu kubwa huanzia Intel kizazi cha 8 na Ryzen ya mfululizo wa 2000.

Kadi ya grafiki hupata wati 75 kutoka kwenye nafasi yake, 75 nyingine kwa plagi ya pini 6, na 150 kwa ya pini 8. Kwa hiyo hesabu plagi za pawa saplai yako, na pima urefu wa keisi. Alama ya 80 Plus hueleza ufanisi wa umeme na si ubora wa vipuri vya ndani. Nyaya zinazochomoka za pawa saplai moja usizihamishie kwenye nyingine hata kama zinaingia vizuri, kwa kuwa mpangilio wa pini upande wa pawa saplai hutofautiana na unaweza kuunguza diski zako zote kwa sekunde moja. Baadhi ya kompyuta zilizounganishwa kiwandani huwa na plagi za kipekee, kwa hiyo kagua hilo kabla ya kuagiza.

Mwisho, tazama kioo chako. Kama kinaonyesha picha 60 kwa sekunde kwa upana wa pikseli 1920, kadi inayotoa 140 itakuwa ikichora picha nyingi usizoziona, na fedha hizo zingefaa zaidi kwenye SSD kubwa.