Yalibomoka au yalibomolewa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Natembeza wageni kwenye magofu ya Kaole. Juzi niliwaambia wanafunzi kuwa mwaka 2012, vita vilipoingia Mali, makaburi ya mawalii wa Timbuktu "yalibomoka". Mwenzangu akanikatiza: sema "yalibomolewa". Kuna tofauti, au ni ubishi wa barazani tu? – Msomaji, Dunda, Bagamoyo

JIBU: Marahaba. Mwenzako amepatia.

"Yalibomoka" ni kauli ya kutendeka. Inaeleza hali, na mtenda hana pa kukaa. Husemi "yalibomoka na wapiganaji". Unaweza kusema "yalibomoka kwa mvua". Hapo Kaole kitenzi hiki kinafaa sana: kuta za matumbawe na chokaa zimeliwa na mvua, chumvi na mizizi ya miti, na mvua haipelekwi kortini.

Timbuktu walikwenda watu na sululu, tena kwa kupanga. Mmoja wao, Ahmad al-Faqi al-Mahdi, alikiri kosa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na Septemba 2016 akahukumiwa kifungo cha miaka 9. Kosa lenyewe, kwa mujibu wa Mkataba wa Roma, ulioianzisha mahakama hiyo, ni kuelekeza mashambulizi kwa makusudi dhidi ya majengo ya ibada au ya kihistoria ambayo si shabaha za kijeshi. Makusudi hayawezi kuwapo pasipo mtu. Ukisema "yalibomoka" umeshamfutia mtu huyo jina, na wakili wake atakushukuru.

Ila usidhani kila "kubomolewa" ni jinai ya kivita. Nyumba kongwe ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo ikivunjwa ili lijengwe ghorofa, imebomolewa kweli, lakini hapo utafungua Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Na vitani kwenyewe mkono huweza kuwa zaidi ya mmoja: Mkataba wa The Hague wa 1954, wa kulinda mali za utamaduni vitani, unazitaka pande zote zisiyatumie majengo ya namna hii kwa njia itakayoyaponza. Jeshi likificha silaha msikitini, msikiti ukapigwa, andika "ulipigwa na" fulani, kisha sema nani aliweka silaha mle.

Kwa wanafunzi wako basi: "Makaburi yalibomolewa na wapiganaji walioteka mji." Na usiishie "yakajengwa upya". Waliojenga, kazi ikakamilika 2015, ni mafundi wa Timbuktu wenyewe, nao wataje.