Shabaha ya kartoni kwa mchezo wa upinde: kuitengeneza Lubumbashi bila kuacha takataka

Kabla ya kuuliza shabaha itatengenezwa kwa kitu gani, uliza itafunguliwa vipi. Shabaha ya mishale huchakaa katikati kwanza: sehemu yenye ukubwa wa sahani inalegea, huku pembe zote nne zikiwa bado nzima. Ukigundisha kila kitu kwa gundi, utatupa kilo 30 za kartoni kwa ajili ya kilo 3 zilizochoka. Ukibana kwa nati, utafungua, utahamisha vipande na kufunga tena.

Tunazungumzia upinde kwa makusudi. Kulenga kwa bunduki visahani vinavyorushwa hewani ni mchezo mzuri, lakini kisahani kimoja cha mashindano kina kipenyo cha milimita 110 na uzito wa gramu 105, na kwa kawaida hutengenezwa kwa unga wa mawe ya chokaa ulioshikanishwa kwa lami. Kila risasi inayokifuata hubeba takriban gramu 24 za chembe za madini, mara nyingi yale mazito yenye sumu yanayoitwa pia risasi (plumbi). Udongo wa Katanga, eneo la Lubumbashi, una tindikali, na tindikali huyeyusha madini hayo yakashuka chini. Mji uliokwisha kupokea vumbi la kuyeyusha shaba kwa zaidi ya miaka 100 hauhitaji nyongeza.

Basi turudi kwenye kartoni. Katika soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi) na lile la Mzee, maboksi ya sabuni na maziwa hutupwa kila siku. Chukua yale yenye ukuta mmoja wa mawimbi, unene wa milimita 4 hivi. Ya samaki wa barafu yaache: mengi yamepakwa nta, mishale inateleza, na harufu yake itawaita panya wote wa mtaa. Bandua selotepu na pini za chuma zote sasa hivi, kwa sababu mwisho wa safari hutapata subira ya kufanya hivyo.

Kwa shabaha ya sentimita 80 kwa 80 yenye unene wa 25, kata vipande 250 vya sentimita 80 kwa 25. Ni kama mita 50 za mraba, kilo 25 hadi 30. Hapa ndipo wengi wanapokosea: ndani ya kartoni kuna vifereji vidogo, na ni lazima vifereji hivyo vifuate urefu wa kipande, yaani vilale kutoka kushoto kwenda kulia ukitazama shabaha. Ukivielekeza kwa mpigaji, umemchimbia mshale tundu; utapita na kutokea nyuma. Vipande vinalazwa kimoja juu ya kingine, na mshale unaingia kati ya tabaka mbili. Msuguano wa tabaka ndio breki. Kartoni iliyosimamishwa uso kwa uso na mshale hutobolewa tu, na baada ya siku chache ni chujio.

Fremu inataka mbao 2 za sentimita 100 kwa 25, unene wa 5, na nondo 4 zenye hesi, milimita 12, urefu wa mita 1, pamoja na nati (ekru, kama mafundi wa hapa wanavyosema) na washa pana. Mikaratusi au msindano inatosha kabisa. Mukula, mti wa asili wenye mbao nyekundu, imekatwa vya kutosha, haina haja ya kufia kwenye shabaha. Toboa mbao sentimita 5 kutoka kila mwisho, ili nondo zipite nje ya kartoni, mbili kila upande.

Vipande 250 vikirundikwa vinafika mita 1, na kwa mbao zake mita 1 na sentimita 10. Nondo haifiki. Usinunue nondo ndefu: zungusha mikanda 2 ya kufungia mizigo ya lori, watu wawili wasimame juu, kaza mkanda mmoja mmoja kwa zamu. Rundo pamoja na mbao zake likishuka chini ya sentimita 95, nondo zitachomoza, na kazi iliyobaki ni ya spana. Kaza hadi kartoni ibaki sentimita 80. Ukisukuma mshale kwa mkono ukazama zaidi ya upana wa vidole viwili, bado imelegea. Manyoya yatachanika siku ya kwanza. Ikibana kupita kiasi, mshale hautoki bila kupindwa. Mche wa sabuni uliopakwa kidogo kwenye mshale husaidia, lakini si dawa ya kukaza vibaya. Mbele ya nondo na kingo za mbao gongomea ubao laini, maana mshale ukigonga chuma hurudi au hupasuka.

Unene huo unafaa pinde za kawaida hadi nguvu ya paundi 40 na ncha butu za mazoezi. Pinde zenye magurudumu zinataka unene zaidi. Ncha za kuwindia hazikubaliki kabisa, zinakata kartoni kama kisu.

Iweke juu ya miguu 3, kitovu kikiwa sentimita 130 kutoka ardhini, ikilala nyuma kidogo, nyuzi 10 hadi 15. Nyuma yake kuwe na tuta. Pembezoni mwa mji kichuguu kikubwa ni kinga ya bure, ila kiangazi uso wake huwa mgumu kama tofali, hivyo ulainishe kwa jembe. Halafu kumbuka unachofanya: umeleta kilo 30 za chakula mlangoni kwa mchwa! Hii ndiyo hatari kubwa kuliko mvua. Simamisha kila mguu ndani ya kopo la jivu kavu, badilisha jivu kila likilowa, na kila wiki tafuta vijia vya udongo vinavyopanda mguuni, uvikwangue. Oili chafu ya gari inazuia mchwa kweli, lakini ikimwagika umekuwa mchafuzi uleule uliyetaka kumkimbia.

Kuanzia Novemba hadi Machi, bati moja juu halitoshi, kwa sababu mvua ya upepo hupiga ubavuni. Watu wawili waibebe ndani baada ya mazoezi. Kiangazi kartoni hukauka na kusinyaa: nati zikazwe kila wiki.

Karatasi ya duara ibandike kwa uji wa unga wa muhogo, bila plastiki yoyote. Rangi za mazoezi zinapatikana jikoni: makala (makaa) yaliyosagwa kwa nyeusi, buluu ya kufulia, udongo mwekundu wa hapahapa. Manjano ya viungo hupendeza siku ya kwanza kisha jua linaifuta, kwa hiyo kitovu kirudie mara kwa mara. Mashindano yana rangi zake rasmi, hapo nunua.

Kuna wanaoshindilia gunia mifuko ya plastiki na kuliita la kijani, yaani rafiki wa mazingira. Hatulipendekezi. Mshale wa kaboni ukiingia kwa kasi hupata joto, plastiki inaganda juu yake, na gunia lenyewe la nailoni hupukutika juani likawa nyuzi zisizookoteka. Mabaki ya kitenge kutoka kwa mafundi cherehani ni afadhali, baada ya kutoa vifungo na zipu, kwa wanaoanza na upinde wa paundi 20.

Kitovu kikichoka, legeza nati, toa vipande 60 vya katikati, vishushe chini, na vya chini uvipandishe juu. Safari ya pili geuza kila kipande, nyuma iwe mbele. Siku vyote vimekwisha, pitisha sumaku ili kukamata ncha za chuma zilizobaki ndani, na vipande vya kaboni viondoe kwa glavu, kwa kuwa vibanzi vyake ni vibaya kuliko miiba. Kilicholowa kichanwe na kuchanganywa na samadi ya kuku kwenye shimo la mboji. Kilicho kikavu kitawashia mbabula (jiko la makaa). Mbao, nondo na nati zinasubiri vipande 250 vingine.