Kwa nini tunaocheza kwa kompyuta tunalalamikia RPG zilizorahisishwa

Mkuu, umeuliza kwa nini sisi wa kompyuta hatuachi kulalamika kwamba RPG (gemu za kumkuza mhusika wako na kumwamulia njia) zimepunguzwa ili zifae kwenye konsoli, yaani mashine za gemu za kuchomeka kwenye TV, na ukasema hayo ni majivuno tu. Nimecheza gemu hizi tangu Baldur's Gate ya kwanza ya 1998, kwa hiyo nitakujibu kwa zile nilizozicheza mwenyewe.

Kwanza, pedi, kile kidhibiti cha mkononi cha konsoli, haina kosa. Morrowind ya 2002 ilitoka kwenye kompyuta na kwenye konsoli ya Xbox mwaka huohuo, na haikumbembeleza mtu. Unatumwa magofu ya Arkngthand kutafuta kisanduku cha Wadwemer, taifa la kale lililotoweka, na anayekutuma anakuelekeza kwa mdomo: toka Balmora, ipite ngome ya Moonmoth, vuka daraja la kale. Ukifika, lazima ugundue mkono wa kuzungusha ulio kwenye bomba, ndipo mlango ufunguke. Hakuna mshale wa kukuonyesha njia. Unasoma shajara, unatafuta daraja kwa macho, unarudi nyuma, unasoma tena. Utamu wa gemu ulikuwa humo, na wa Xbox waliupata kama sisi.

Oblivion, iliyoifuata Morrowind, ilipokuja 2006, dira ikawekwa alama inayokupeleka hadi mlangoni. Watu hutuambia, "Kama inakukera, izime." Nimezizima alama hizo kwenye Skyrim, iliyoifuata Oblivion. Misheni nyingi zikawa hazichezeki, maana anayekupa kazi hakuelezi ni wapi. Aliyeandika mazungumzo alijua mshale upo. Ukiuondoa, hakuna kinachobaki cha kukuongoza.

Skyrim hiyohiyo ya 2011 iliondoa nguvu, akili, wepesi na sifa nyingine za mhusika, ukabaki na afya, uchawi na pumzi. Menyu zake ni orodha ndefu zenye maandishi makubwa ya kusomwa kutoka kwenye kochi. Kwenye mazungumzo nilikuwa naweka mausi juu ya jibu moja, nabofya, linachaguliwa jingine. Waliotutengenezea menyu ya maana ni wachezaji wenzetu, kwa modi (nyongeza ya kuongezwa kwenye gemu) ya SkyUI, tena bure.

Ila kilichoniuma kuliko vyote ni Deus Ex: Invisible War ya 2003. Ile ya kwanza, ya 2000, ilikulazimisha uchague wewe ni nani: uwekeze kwenye kufungua makufuli, kompyuta, bunduki au hata kuogelea, na ukiwekeza huku, kule unabaki mbumbumbu. Invisible War iliufuta mfumo huo wote wa ujuzi. Halafu silaha zote zikapewa risasi za aina moja. Hebu fikiria: bastola na kirusha roketi vinakula akiba ileile. Zikiisha, zimeisha kwa kila kitu, huna hata ile silaha ya akiba uliyoitunza kwa siku mbaya. Ramani nazo zikakatwa vipande vidogo, kwa sababu Xbox ilikuwa na megabaiti 64 tu za kumbukumbu, na sisi tuliokuwa na zaidi ya hizo tukapewa vyumba vilevile. Unavuka mlango, unasubiri. Unavuka mwingine, unasubiri tena.

Dragon Age nayo: kwenye Origins ya 2009, toleo la kompyuta lilikuruhusu kuipandisha kamera juu, ukauona uwanja wote kabla ya kurusha mpira wa moto, maana ungeweza kuwaunguza wenzako. Dragon Age ya pili, ya 2011, ikaishusha kamera, na moto ukaacha kuwadhuru wenzako isipokuwa kwenye kiwango kigumu kabisa. Sababu ya kufikiri utasimama wapi ikaisha.

Najua konsoli ndizo zenye wanunuzi wengi, na studio lazima ile. Lakini studio ya Larian walionyesha njia 2023 kwa Baldur's Gate 3. Walitengeneza mipangilio miwili ya skrini: wa mausi, wenye safu za vitufe chini, na wa pedi, wenye magurudumu ya kuchagulia. Kete na sheria ni zilezile. Xbox Series S, konsoli yenye nguvu ndogo, iliposhindwa kugawa skrini kwa wachezaji wawili, walitoa gemu humo bila kipengele hicho, na wa kompyuta hatukupunguziwa chochote. Tunachodai ni hicho tu, na tayari kimewezekana kwenye gemu kubwa kama hiyo.