Maswali na Majibu: Ndevu za Rwenzori na Kichaka Kinachozibeba

Nilipanda Rwenzori nikaona vichaka vya Erica vimefunikwa na ndevu za kijani-kijivu. Hazivinyonyi mpaka vikauke? (Msomaji, Kasese)

Hapana, ndugu yangu, na tafadhali waeleze na wenzako. Ndevu hizo ni Usnea, aina ya kuvumwani, yaani kuvu na mwani vinavyoishi pamoja katika mwili mmoja. Usnea haina mizizi. Imejishikiza tu kwenye gome. Mwani wake hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na maji huyapata kwenye ukungu na mvua. Erica huyavuta maji ardhini, na hutoa maua madogo yenye umbo la kengele. Matawi makavu yana ndevu nyingi kwa kuwa hayana majani tena na mwanga unayafikia. Si ndevu zilizoyaua.

Linalonivutia zaidi limefichwa ardhini. Huko juu, kati ya mita 3,000 na 4,000 hivi, udongo una asidi nyingi na rutuba haba. Erica isingestawi peke yake: ndani ya vijizizi vyake huishi kuvu inayoipatia naitrojeni, nayo huilipa kwa sukari. Basi wote wawili wanategemea kuvu! Ila kwa Usnea kuvu ndiye mwenye nyumba. Kwa Erica ni mpangaji.

Huku Elgon nitaitambuaje Usnea? (Msomaji, Mbale)

Okota uzi mmoja ulioanguka, uloweshe, uvute taratibu. Ganda la nje litakatika, na ndani utaona uzi mweupe unaovutika.

Kama haitoi maua, inazaaje? (Dada wa Fort Portal)

Kipande kikikatika na kunasa kwenye tawi jingine, huweza kukua hapo. Aina nyingi pia hutoa chembe za unga zenye kuvu na mwani kwa pamoja. Erica hutegemea mbegu zake ndogo mno.

Naweza kuvihamishia kwangu Kampala? (Msomaji, Ntinda)

Usijaribu, nakusihi. Usnea hudhurika vibaya na hewa chafu, hasa yenye dioksidi ya salfa, na Erica hiyo imezoea baridi ya mlimani. Tena Rwenzori ni hifadhi ya taifa tangu 1991, kwa hiyo usichume hata tawi. Tazama magome ya miembe iliyo jirani nawe: mabaka ya kijivu yaliyoganda pale mara nyingi ni kuvumwani pia, wa aina zinazostahimili zaidi hewa ya mjini.