Usiku wa Nyota Juu ya Sinia: Majibu kwa Waandaaji wa Sikukuu

SWALI: Mhariri, salamu. Mwishoni mwa mwaka jana nilijitolea kuandaa ubao wa vitafunio kwa ajili ya mkusanyiko wa familia wa watu wapatao 20, nikauchagulia maudhui ya usiku wa nyota. Nilipanga jibini, matunda na biskuti za chumvi zikafanya nyota moja kubwa, na kwa dakika 10 hivi nilijivunia kazi yangu. Wageni walipopita mara moja tu, nyota ikawa fungu lisilo na sura; muda si mrefu biskuti zikalainika na vipande vya tufaha vikageuka rangi ya kutu. Mwaka huu nimekabidhiwa kazi hiyohiyo, na ningependa kubaki na maudhui yaleyale. Nilikosea wapi?

JIBU: Maudhui yako hayana kosa, na ninafurahi kwamba hukukusudia kuyaacha. Kosa ni kwamba uliyategemeza juu ya umbo lisiloweza kudumu, kwa sababu ubao wa vitafunio hupangwa ili ubomolewe, na picha yoyote inayodai kila kipande kikae mahali pake huharibiwa na mgeni wa kwanza mwenye njaa. Mimi, kabla ya kununua chochote, hujiuliza ubao utakuwa na sura gani nusu yake ikishaliwa.

Bahati yako ni kwamba usiku wa nyota ni miongoni mwa maudhui machache yanayozidi kupendeza kadiri chakula kinavyopungua, mradi tu uanze na chombo cheusi. Uweke kando ubao wa mti uliokoza weupe, utafute kibao cha jiwe jeusi au sinia pana la rangi ya giza ambalo ni salama kwa chakula. Kila mgeni anapochukua kitu, anga litaonekana zaidi, na nyota chache zilizosalia zitang'aa kuliko zilivyong'aa mwanzo zilipokuwa zimesongamana.

Mwezi uwe jibini laini la mviringo lenye ganda jeupe, la ukubwa wa gramu 250 hivi, nalo liwekwe zima upande mmoja wa sinia, si katikati. Ukate wewe mwenyewe kipande cha kwanza na kuacha kisu kando yake, kwa kuwa wageni huona haya kulikata jibini ambalo halijaguswa. Tangu hapo mwezi mpevu utapungua mbele ya macho yao hadi uwe hilali, na ulaji wenyewe utakuwa sehemu ya picha.

Nyota nazo usizichonge kwa taabu, kwani tufaha likikatwa kwa upana badala ya kukatwa kutoka kikonyoni kwenda chini, huonyesha katikati yake nyota ya pembe tano ambamo mbegu hukaa. Ondoa mbegu kwa ncha ya kisu na uache tundu. Jibini gumu la manjano ulikate vipande vyembamba, kisha utumie kikatio cha biskuti chenye umbo la nyota. Mabaki ya pembeni ni haki ya mpishi, na sioni sababu ya kuyaona haya. Nyota saba ndogo za jibini zilizokusanywa pembeni zitatosha kuwa Kilimia, lile kundi la nyota angani, na atakayeitambua atajipongeza mwenyewe. Giza la kati ulijaze zabibu nyeusi na zeituni nyeusi katika vishada vilivyoachana, si kwa kutandaza sinia lote.

Hapa ndipo waandaaji wengi hushindwa na tamaa. Utaona nyanya ndogo nyekundu, utaona karoti, na utashawishika kwamba mahali padogo papo. Ukatae. Rangi tatu, yaani nyeusi, nyeupe na manjano, ndizo zinazomfanya mgeni aone usiku bila kuelezwa. Rangi ya nne ikiingia, hubaki na sinia zuri la vitafunio lisilo na maudhui yoyote. Nina msimamo huohuo kuhusu mapambo yasiyolika. Majani ya bustanini usiyoyajua yasiguse chakula, kwa kuwa mengine yana sumu, na nyota za karatasi zenye kumetameta zina tabia ya kuishia kwenye jibini.

Kuhusu biskuti zilizolainika, chanzo ni unyevu. Biskuti kavu hunyonya maji ya chochote kilicho jirani, na tunda lililokatwa ni jirani mbaya kuliko wote. Anza kwa kuweka bakuli ndogo za vitu vya majimaji, kama vile zeituni na mtindi mzito wa kuchovea, kisha jibini, kisha matunda. Biskuti zikae ukingo wa mbali na zipangwe mwisho kabisa, wageni wakiwa mlangoni. Kati ya matunda na biskuti jenga ukuta wa lozi na korosho, ambao utazuia majimaji na pia utaziba mianya inayoonyesha haraka yako.

Tufaha hubadilika rangi kwa sababu vimeng'enya vilivyomo hukutana na oksijeni ya hewani mara linapokatwa. Changanya kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limau katika kikombe cha maji, loweka vipande kwa dakika chache, kisha uvikaushe kabisa kwa kitambaa safi, kwani usipovikausha utakuwa umeliponya tufaha na kuiua biskuti.

Kwa watu 20 ambao baadaye watakula chakula kikuu, mimi hukadiria gramu 30 hadi 40 za jibini kwa kila mtu. Miezi miwili ya gramu 250 na gramu 200 za jibini gumu zitatosha, lakini miezi hiyo isitoke pamoja. Andaa masinia mawili ya wastani, moja likae kwenye jokofu bila biskuti, kwa kuwa jibini laini, nyama na mtindi havifai kukaa mezani zaidi ya saa 2, au saa 1 iwapo joto limepita nyuzi 32 za Selsiasi. Muda ukiisha, ondoa sinia zima ulete la pili. Usiongeze chakula kipya juu ya cha zamani. Jibini gumu litolewe kwenye jokofu dakika 30 hivi kabla ya kuliwa, maana likiwa baridi sana harufu na ladha yake hujificha.

SWALI: Katika mkusanyiko wetu wapo watoto wa umri wa miaka 2 na 3, na mgeni mmoja ana mzio wa karanga na jamii zake. Je, niondoe vitu vyote vyenye hatari?

JIBU: Mgeni mwenye mzio atengewe sahani yake, iliyoandaliwa kwanza kwa kisu na ubao safi, na ikae mbali na sinia kubwa, kwa sababu kuhamisha lozi pembeni hakuondoi chembe zake. Mzio wake ukiwa mkali, usilete kabisa jamii hiyo mezani. Badala ya ukuta niliotaja juu, acha nafasi tupu kati ya matunda na biskuti, na usome vilivyoandikwa kwenye pakiti za biskuti.

Watoto walio chini ya miaka 5 wasipewe lozi wala korosho nzima, na zabibu zao zikatwe kwa urefu katika sehemu nne, kwa kuwa zabibu nzima huweza kuziba koo. Wapangie sinia lao dogo, lenye nyota za jibini na vipande vyembamba vya tufaha, kwenye meza wanayoifikia wenyewe. Vijiti vya meno, ambavyo kwa watu wazima ni msaada, visiwepo kabisa kwenye sinia hilo.