Mwalimu Mkuu, Usiiache Chaki

Mwalimu mwenzangu uliyepokea barua ya kupandishwa cheo kuwa mwalimu mkuu, nakuomba jambo moja kabla hujakabidhiwa funguo za ofisi: mwambie naibu wako akutengee darasa katika ratiba, na darasa hilo liwe la chini, huko watoto wanakoanza kusoma na kuandika. Mimi sikufanya hivyo, na hasara ya miaka yangu miwili ya mwanzo katika uongozi iliwaangukia watoto ambao hadi leo nawakumbuka kwa sura.

Nilisomea ualimu katika chuo cha Shanzu, hapa Mombasa, nikapata cheti cha P1, yaani cha kufundisha shule za msingi, nikapangiwa shule ya msingi upande wa Changamwe. Januari 2003, serikali ya Kenya ilipoondoa karo katika shule za msingi, nilikuwa na darasa la kwanza ambalo lilifurika siku ile ile, wengine wakaketi sakafuni na wengine wakasimama ukutani, wakiwemo wavulana waliokwisha kubaleghe ambao hawakuwahi kushika kalamu. Kiboko kilikuwa kimepigwa marufuku mashuleni tangu 2001, na hata kama kingeruhusiwa kisingalinifaa kitu mbele ya umati ule. Kilichonifaa ni kumjua kila mtoto kwa jina lake na jina la mtaa wake, kazi iliyonichukua muhula mzima. Baadaye nikawa naibu, kisha nikapewa shule kisiwani, ambako watoto wengi walitoka Mji wa Kale na mitaa ya jirani.

Ofisi ilinimeza. Asubuhi ilikwenda kwa wazazi na mafundi wa mabomba, mchana kwa hesabu za fedha za serikali, na jioni kwa kamati ya shule. Watoto nikawa nawajua kwa alama tu. Kila muhula alama za Kiswahili za darasa la tatu zilikuwa duni, nami katika kikao cha walimu nikamwambia mwalimu wa darasa hilo, kijana aliyekuwa na miaka michache kazini, kwamba mtoto wa Mombasa kuanguka Kiswahili ni uvivu wa mwalimu wala si jambo jingine. Hakunijibu. Muhula ulipokwisha aliomba uhamisho, akaenda, na kwa kuwa hakuletwa mwingine, ikanibidi nishike chaki mwenyewe.

Katika wiki ya kwanza nilikusanya madaftari ya insha. Msichana mmoja alikuwa ameandika kwamba alipokuwa ndiani alianguka tini, na mama yake akateka. Kwa desturi ya kusahihisha, ndia ni kosa, tini ni kosa, na kuteka ni kuteka maji, kwa hiyo sentensi nzima haina maana. Lakini mtoto yule alikuwa ameandika Kimvita safi, lahaja ya Mvita, yaani Mombasa, kama anavyokisema bibi yake, na kila neno lina maana yake: njiani, chini, akacheka. Mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa mwaka 1928 ndio uliochagua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu hapo mtoto wa Mvita huingia darasani akiwa na lugha yake kamili, akaambiwa kwa wino mwekundu kuwa hajui Kiswahili. Baada ya muda huacha kuandika kabisa. Yule kijana niliyemwita mvivu alikuwa akipambana na jambo hili peke yake, naye hakuwa mtu wa pwani, hata asingeweza kulitambua. Mimi ningeweza, kama ningekuwa darasani.

Nikaugawa ubao sehemu mbili, upande mmoja maneno ya nyumbani na upande wa pili maneno ya shuleni, na kila asubuhi watoto wakaleta neno moja kutoka kwao, tukalitafutia mwenzake. Hakuna neno lililoitwa kosa. Lililoulizwa ni mahali pake. Bibi mmoja alikuja shuleni akiwa na wasiwasi, akidhani mjukuu wake ameulizwa maneno ya nyumbani kwa sababu ametukana. Nilipomweleza aliketi mpaka kipindi kikaisha, akawa anatuongezea maneno. Insha zikaanza kurefuka, na hilo kwangu lilikuwa kubwa kuliko alama, ambazo zilipanda polepole.

Nilimfuata yule kijana katika shule yake mpya nikamwomba radhi mbele ya walimu wenzake, kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya wenzake. Ukimkosea mwalimu hadharani, usimtake radhi faraghani.

Tangu hapo sikuingia tena darasa la mwalimu yeyote kumkagua kabla yeye hajaja kukaa nyuma ya darasa langu na kuandika aliyoyaona. Tulipoanza mtaala wa umilisi, unaompima mtoto kwa anachoweza kufanya, mwaka 2019, desturi hiyo ilituokoa, maana nilijua kwa mikono yangu kwamba kumtathmini mtoto mmoja mmoja huchukua muda, wala sikuwadai walimu kazi nisiyoijua uzito wake.

Basi chagua kipindi cha kwanza cha asubuhi, kabla wageni hawajaanza kufika, siku nne kwa wiki. Mwambie karani kwamba mzazi au afisa akija wakati huo, apewe kiti na aambiwe saa utakayotoka. Zipo siku utakazoitwa mkutanoni bila taarifa. Siku hizo naibu akushikie, nawe ukilipe kipindi chake kabla ya Ijumaa. Na madaftari yasahihishe mwenyewe, usimpe mtu.