“Si Unajua Mwenyewe”: Kwa Aliyeuguza Akaitwa Kudodosa

Nilimuuguza mama miezi 11, saratani ya shingo ya kizazi, tukigombania daladala za kwenda kwenye mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Mwaka na nusu baada ya kumzika, nikaombwa niwe mdodosaji kwenye utafiti wa huduma shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa maumivu na mateso ya ugonjwa mzito, niwahoji wanaouguza nyumbani. Watafiti walitutaka sisi kwa sababu daktari akiuliza, watu humjibu kwa adabu: “Tunashukuru, huduma nzuri.” Mimi nikisema tu kwamba nami nimeuguza, mkeka unatandikwa.

Na hapo ndipo nilipojikwaa. Mama mmoja wa Mbagala aliniambia, “Usiku ndiyo shida, si unajua mwenyewe.” Nikaitikia, nikaenda swali linalofuata. Nilijua bwana! Morfini ya maji, dawa ya maumivu makali, hunywewa kila baada ya saa 4, na muuguzaji hulala usingizi wa mang’amung’amu. Mtafiti aliposikiliza kinasa sauti akaniuliza, “Shida gani?” Nikakosa jibu, ikabidi nirudi. Kumbe yule mama alikuwa anaamka kuiangalia chupa ya morfini. Ameificha kwenye ndoo ya unga, maana shemeji yake ameapa kuimwaga. Shemeji huyo anaamini morfini ni ya kummaliza mgonjwa.

Tangu siku ile nikiambiwa “si unajua”, najibu: “Mama, nieleze kama mtu ambaye hajawahi hata kushika beseni.” Wengi hucheka, halafu ndiyo wanaanza kusema.

Ukiitwa kazi hii, ulizia nauli, ndiyo, lakini ulizia zaidi utazungumza na nani ukitoka kwenye nyumba za watu. Sisi tulikaa na muuguzi kila Ijumaa. Niliona ni kupotezeana muda, mpaka siku nilipokuta khanga kama ya mama imeanikwa uani, nikapitiliza kituo changu nikirudi. Usikubali kupangiwa wodi aliyofia mtu wako. Ukiulizwa kipimo cha dawa, mpe namba ya timu ya tiba. Kuuguza hakukukufanya daktari. Mtu akilia, zima kinasa sauti, ukae naye.

Liko swali ambalo halimo kwenye dodoso, na wewe ndiye utakayeulizwa: “Na wako, alipona?” Jiandae nalo tangu nyumbani. Mimi husema, “Hakupona. Alifia kitandani kwake, maumivu yametulia.” Kisha nanyamaza, namwachia yeye.